Farasi 170, watu sita

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunakaa Madale, ndani kidogo ukishaacha lami. Mume wangu kazi yake iko Posta, mimi nina duka la vitambaa Kariakoo. Kila asubuhi tunatoka wote, tunawashusha watoto shule Tegeta, tunaendelea mjini. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 50. Gari letu ni IST ya mwaka 2005. Imetusaidia sana, siwezi kuisema vibaya, ila njia ya kwetu inaimaliza. Kuna kona yenye mawe yaliyochomoza katikati ya barabara, na chini linakwangua kila siku, hata kiangazi. Sampo ya oili tumeshabadilisha mara moja, ekzosi imechomelewa mara tatu. Masika iliyopita tulinasa kwenye tope mara mbili, vijana wa bodaboda wakatusukuma.

Sasa mume wangu amepata Subaru Outback ya mwaka 2010 kwenye yadi moja hapa mjini. Ni wagoni, lile refu lenye buti kubwa, injini ya petroli cc 2,457, imetembea kilomita 118,000, fowili (magurudumu yote manne yanavuta) muda wote. Bei milioni 24, na hela hiyo tunaifikisha tukiuza IST. Muuzaji ametupa karatasi ya sifa za gari na amesisitiza kwamba matairi mawili ya mbele ni mapya kabisa. Nimekaa na karatasi hiyo wiki nzima. Imeandikwa nguvu za farasi 170, lakini kwenye matangazo mengine ya gari hilohilo nimeona 168, na jingine 125. Nimechanganyikiwa, ni injini tatu tofauti?

Mume wangu ameshaamua moyoni, anachosema ni farasi 170 tu. Shemeji yangu naye anasema tusinunue hapa, tuagize Japani, tutapata kwa bei ya chini. Mimi naogopa mafuta. Muuzaji anasema lita moja inakwenda kilomita 13, iko kwenye katalogi.

Desemba tunataka kumrudisha mama mkwe kwao, kijiji cha ndani kupita Lushoto mjini. Alikuja Februari kwa ajili ya goti, na kliniki bado wanampangia tarehe. Gari hili litapanda mlima ule likiwa limejaa? Fowili yake ni ya kweli? Na hiyo 13 niiamini?

Mama Watatu, Madale

*

Marahaba, mwanangu. Na hongera kwa kukaa na karatasi hiyo wiki nzima. Wengi hulipa kwanza, karatasi wanakuja kuisoma wakiwa gereji.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilisoma gari. Mara ya pili nikasoma watu, na hapo nikakwama. Wewe na mumeo, wawili. Watoto watatu, tumefika watano. Mama mkwe aliyekuja Februari na bado ana tarehe za kliniki ni wa sita. Outback ina viti vitano. Mmehesabu farasi wote 170, mkamsahau mtu mmoja, na mtu huyo ndiye mwenye goti na ndiye sababu ya safari ya Desemba.

Najua ilivyotokea. IST nayo ina viti vitano, kwa hiyo mmeshazoea: mdogo anapakatwa, siku zinakwenda. Mwanangu, hapo sitakubembeleza. Gari likigonga kitu kwa mwendo wa 50 tu, mtoto wa kilo 15 anavutwa mbele kwa nguvu ya mamia ya kilo. Hakuna mikono ya mama wala ya bibi inayoweza kumshika. Gari jipya likikukuta na desturi hiyo litaendelea nayo, tena kwa mwendo mkubwa zaidi, kwenye barabara kuu ya Segera usiku.

Tena karatasi yenyewe imekuambia. Tafuta sehemu mbili za uzito: uzito wa gari tupu na uzito wa jumla. Toa kimoja kwenye kingine, utapata 275. Wajapani kwenye hesabu hiyo humpa kila abiria kilo 55, na 55 mara tano ndiyo 275. Ndani ya hesabu hiyo hamna mtu wa sita, hamna ndoo ya plamu, hamna gunia la viazi la kurudi nalo kutoka Lushoto. Hata watu wazima watano wa miili yetu ya kawaida wameshaizidi.

Tuje kwenye njia yako, maana na yenyewe umeieleza vizuri kuliko ulivyodhani. Umesema gari linakwangua kila siku. Umesema limenasa mara mbili. Kila siku, na mara mbili. Shida yako kubwa basi ni urefu wa gari kutoka chini, na fowili inafuata nyuma yake kwa mbali. Hapo Outback inastahili sifa: milimita 200, ambazo ni nchi nane kasoro kidogo. Lakini namba hiyo hupimwa gari likiwa tupu. Paki watu na mizigo, springi zinalala, na springi za gari la mwaka 2010 zimechoka hata kabla hujapanda. Nenda na futi ya fundi seremala, pima mwenyewe kutoka chini hadi sehemu iliyoning'inia zaidi katikati ya magurudumu. Halafu rudi kwenye kona yako, pima lile jiwe lililochomoza zaidi. Namba hizo mbili zikae ukurasa mmoja wa daftari lako. Kuna watu wameuza magari wakanunua mengine kwa sababu ya jiwe moja ambalo sururu na kijana wa mtaani wangelimaliza Jumapili moja.

Fowili yake ni ya kweli, ndiyo. Outback ya namna hii inapeleka nguvu mbele na nyuma muda wote, hakuna kitufe cha kuwasha. Katikati, ndani ya gia boksi, kuna klachi inayobanwa kwa presha ya oili, inayogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Gurudumu la mbele likianza kuteleza, klachi inabana zaidi na ya nyuma yanasukuma. Kwa tope la Madale inatosha sana. Ila haina gia ndogo ya kukwamua kama Land Cruiser, na wala haisaidii chochote kwenye kusimama. Breki za gari linalovuta magurudumu manne zinategemea tairi kama za gari jingine lolote.

Na hapo kwenye tairi ndipo muuzaji wako aliponishtua. Anajisifu kwamba mawili ya mbele ni mapya! Kwa IST hiyo ni habari njema. Kwa Subaru ya fowili muda wote hiyo ni kasoro, na ningeitaja mbele yake kabla ya kuongelea bei. Tairi jipya lina kashata, yale meno ya juu yake, za milimita nane hivi. Lililotumika nusu limebakiwa na nne. Kila milimita moja ya kashata ikiisha, mzunguko wa tairi unapungua milimita sita na kitu. Kwa hiyo matairi yake ya nyuma, kama yamefika nusu, kila yakizunguka mara moja yanaachana na ya mbele kwa sentimita mbili na nusu, na gari linadhani magurudumu yanateleza hata kwenye lami kavu iliyonyooka. Ile klachi ya katikati haipumziki. Inasuguana, inapata joto, oili inaungua. Subaru wenyewe wanataka tofauti ya mzunguko kati ya tairi na tairi isizidi robo ya nchi, yaani milimita sita. Ni kama milimita moja tu ya kashata. Gari hili linanunuliwa matairi manne kwa mpigo, aina moja, saizi moja, na ukipata pancha isiyozibika matairi yakiwa katikati ya umri, unaumia mfuko. Lijue hilo kabla, maana halimo kwenye karatasi.

Namna ya kulipima: likiwa limeshapata moto, waombe eneo la wazi, usukani ukatwe hadi mwisho, gari lizunguke polepole kama linatafuta pa kuegesha, kulia kisha kushoto. Likizunguka kwa ulaini, sawa. Likishikashika, likirukaruka kama mtu amekanyaga breki kidogokidogo, klachi ile imeshaumia. Hapo shukuru, chukua mkoba wako, ondoka.

Jambo la pili ambalo karatasi haisemi lakini namba zake zinalisema: mwaka 2010 pamoja na cc 2,457 maana yake ni injini ya EJ25, ambayo taimingi yake, yaani kinachopatanisha mwendo wa pistoni na valvu, ni ya mkanda. Mkanda huo hubadilishwa kwenye kilomita 100,000. Lako limetembea 118,000. Kama ulibadilishwa Japani, mara nyingi utaona stika ndani ya boneti yenye tarehe na kilomita. Kama stika haipo na risiti haipo, hesabu kwamba haujabadilishwa, hata aape. Ukikatika barabarani, pistoni zinagonga valvu, na unarudi Dar juu ya gari la kuvuta. Mumeo akitaka Outback bila wasiwasi huo, zile za kuanzia katikati ya mwaka 2012 zilipewa injini ya FB25, cc 2,498, taimingi yake ni ya cheni. Injini hizi za EJ25 zilijulikana pia kwa kuvuja kwenye gasketi za silinda hedi, hasa za miaka ya nyuma zaidi, kwa hiyo fundi wako alale chini na tochi aangalie ubavuni mwa injini pande zote mbili, maana silinda za Subaru zimelala ubavu, mbili kulia na mbili kushoto. Mpeleke fundi wako, usimtumie wa yadi.

Farasi nimewaacha nyuma kwa makusudi. 170, 168 na 125 ni injini moja. Wajapani huandika farasi wa kipimo cha PS, Waingereza na Wamarekani wana farasi wao mkubwa kidogo, na 125 ni kilowati. Usipoteze usingizi hapo. Kwa mlima, angalia nguvu ya kuvuta: 23.4 kgm, ambayo wengine huandika Nm 229, na inapatikana injini ikizunguka mara 4,000 kwa dakika. Gari lenyewe tupu lina karibu tani moja na nusu. Kutoka Mombo kupanda Soni hadi Lushoto ni zaidi ya kilomita 30 za kona, na juu kule, karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu kila mita 1,000. Itapanda. Itanguruma, mtapunguza kiyoyozi, mtafika. Hata injini ya cc 2,000 inapanda, kwa subira zaidi kidogo. Magari madogo kuliko hayo yanapanda Lushoto kila siku yakiwa na kabichi.

Mafuta. Hiyo 13 huenda imeandikwa kweli kwenye katalogi, na bado wewe hutaiona. Kipimo cha Kijapani cha wakati ule kiliitwa 10-15: gari linawekwa juu ya magurudumu ya mashine ndani ya chumba, injini imeshapata moto, kiyoyozi kimezimwa, linaendeshwa kilomita 4.16 tu kwa dakika 11, mwendo wa juu kabisa 70. Baadaye wakaleta kipimo cha JC08, kirefu zaidi na kigumu zaidi, ndiyo maana gari hilohilo unaweza kulikuta na namba mbili. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichowahi kukaa Mwenge saa kumi na mbili jioni, nje joto, watoto watatu nyuma wanalia kiyoyozi. Kwa njia yako hesabu 8 kwa lita. Kilomita 50 mara siku 24 ni 1,200 kwa mwezi, ni lita 150. IST yako tuipe 12, ni lita 100. Tofauti ni lita 50 kila mwezi. Zidisha kwa bei ya EWURA, wadhibiti wa nishati, ya mwezi husika, ile wanayotangaza kila Jumatano ya kwanza. Ikiwa lita ni 2,800, ni shilingi 140,000 za ziada kila mwezi. Lipeni kwa kujua, msije mkalaumiana mezani.

Mwambie shemeji yako hivi kuhusu kuagiza. Gari la mwaka 2010 limepita miaka kumi, na kodi inalijua hilo. Chukua thamani ya gari likifika bandarini iwe 100. Ushuru wa forodha asilimia 25, tumefika 125. Juu yake ushuru wa bidhaa: asilimia 10 kwa injini iliyozidi cc 2,000, na asilimia 30 nyingine kwa uzee. Tumefika 175. Juu yake VAT asilimia 18, inakuwa 206 na nusu, tozo ndogondogo hazijaingia. Kodi imezidi bei ya gari. Na thamani hiyo TRA, mamlaka ya mapato, hutumia yao, hata ukiwa na risiti ya bei ya chini. Ukishuka hadi injini ya cc 2,000, asilimia ya injini inakuwa 5 na jumla inafika 199: umeokoa kidogo tu. Kinachouma ni umri, siyo cc. Kikokotoo cha TRA kiko mtandaoni, aliingize gari humo kabla ya kutuma hata dola moja, maana viwango huguswa bungeni kila bajeti.

Sasa msimamo wangu, mwanangu. Outback hii msiinunue. Ni gari zuri, na kwa familia ya watu watano wanaopenda safari ningelitetea. Nyie ni sita. Tafuteni lenye safu tatu za viti. Kwa wagoni inayofanana kabisa na hiyo kuna Subaru Exiga, viti saba, injini ya cc 2,000, fowili ileile na sheria ileile ya matairi. Limelala chini kuliko Outback, kwa hiyo jiwe lako lazima liondoke kwanza. Exiga Crossover 7 ya kuanzia mwaka 2015 iliinuliwa hadi milimita 170, ila bei yake itawataka mwongeze. Nissan X-Trail iliyotoka mwishoni mwa 2013 ina toleo la viti saba na milimita 205, cc 1,997, nayo kwa milioni 24 si rahisi kuipata yenye hali nzuri. Kama spea za bei nafuu Kariakoo na Gerezani ndizo zinazowatuliza, Toyota Wish ya cc 1,800 yenye fowili ina viti saba, ingawa iko chini. Hakuna gari la bei yenu litakalowapa vyote. Ningeanza na viti, kisha urefu kutoka chini, kisha fowili, farasi mwisho. Na kumbukeni kwamba viti vya nyuma kabisa vikikaliwa, buti linabaki la mifuko miwili. Gunia la viazi litakwenda juu kwenye keria.

Mumeo usimpinge kwa maneno. Amelipenda gari na hilo si kosa. Jumamosi nendeni wote sita yadi, mkiwa na lile futi. Mwombe muuzaji afungue milango, kila mtu akae, kila mtu afunge mkanda wake. Mama mkwe aingie wa kwanza, mlango wa nyuma, bila kusaidiwa, halafu atoke. Fanyeni hivyohivyo kwa kila gari mtakaloona baada ya hapo, na umwulize yeye goti linasemaje.

Mjomba